Zeituni na Saa ya Akina Mama

Zeituni Mubarak alihamia Amalemba, mtaa wetu mjini Kakamega, mwaka ule korona ilipoanza kulegea, akapanga nyumba iliyopakana ukuta na yangu. Nilimwona mara ya kwanza akishusha godoro kutoka kwenye mkokoteni. Alilitwika kichwani bila kulishika, akainama kidogo mlangoni, akaingia. Mwenye mkokoteni alibaki amesimama mikono kiunoni, hana la kubeba. Nikajiambia, huyu si mama wa kugombana naye kamba ya kuanikia nguo.

Wakati huo alikuwa ameshapita miaka arobaini na tano. Mrefu, mabega mapana, mwendo wa taratibu. Mumewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee, Swafia, ameolewa Bungoma. Mimi ni Muhonja, mwalimu wa shule ya msingi, lakini Zeituni hajawahi kuniita kwa jina. Tangu siku ile hadi leo ni Mwalimu tu.

Tulizoeana upesi, na jioni tulipokuwa tukichambua mboga barazani alinisimulia alikotoka. Alizaliwa Mumias, akachezea timu ya netiboli ya kiwanda cha sukari siku zile kiwanda kilipokuwa kikilisha nusu ya dunia yetu. Walikuwa na basi lao, jezi za manjano, na mpishi aliyewapakulia obusuma, ule ugali wetu, na nyama kabla ya kila mechi. Walisafiri Nakuru, Nairobi, Mombasa, wakapambana na timu za mabenki na za bandari. Zeituni alikuwa mlinzi wa goli.

"Mpira ukinipita juu," aliniambia, "kocha alikuwa anauliza kama ni mpira au ni ndege."

Kisha kiwanda kikanyamaza, na timu nayo ikaisha. Hapakuwa na siku ya kuagana. Kila wiki alipungua mchezaji mmoja, mwingine akarudi kwao, mwingine akaolewa, hadi siku moja alifika uwanjani akajikuta yuko peke yake na bawabu wa getini. Akaanza kuuza mahamri na chai Mumias. Hakulalamika. Ila nilijua akianza kuzitaja zile jezi za manjano, mboga zitachelewa kuiva.

Basi kampuni ya Shupavu ilipofungua jimu yake Kakamega, kwenye jengo la vioo kando ya barabara ya kwenda Mumias, Zeituni alikwenda kuomba kazi wiki ile ile. Shupavu ilianzia Nairobi, ikaenea Mombasa, Malindi, Nakuru, Eldoret, Kisumu, Nyeri, hadi Garissa. Mapokezi walibandika ramani kubwa ya Kenya yenye taa ndogo kila palipo na tawi. Nairobi taa zilisongamana kama siafu. Huku kwetu magharibi iliwaka moja tu, peke yake.

Meneja alikuwa kijana mpole wa kutoka Eldoret, Kibiwott.

"Mama, unataka kujiunga?" alimuuliza.

"Nataka kazi. Ya kufundisha."

Kibiwott akakuna kidevu. "Una cheti cha ukufunzi?"

"Nina magoti," Zeituni akamjibu. "Yamecheza ujana wangu wote na hayajawahi kunilaza."

Kibiwott alicheka hadi akakaa chini. Kazi ya kufundisha hakumpa, lakini alimweka mapokezi. Ni pale mapokezi, akiwa ameketi karibu na mlango, ndipo Zeituni alipoona jambo. Wanawake walikuwa wakija. Walifika mlangoni, wakachungulia, wakatazama vile vioo vilivyoonyesha kila kitu hadi ng'ambo ya barabara ambako vijana wa boda boda walipanga pikipiki zao, kisha wakageuka na kurudi walikotoka.

Siku moja alimfuata mmoja wao nje. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Matungu, anayekaa na mwanawe mjini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala ubavuni kwa sababu ya kiharusi. Tulikuja kumwita Mama Naliaka.

"Mbona unarudi?" Zeituni alimuuliza.

"Dakitari alisema nifanye mazoezi ya mkono. Nakujanga hadi hapa kwa mlango. Naona hao vijana wametoa macho, narudi. Nitajifunza kuinua mkono mbele ya watu wote hao, kama sarakasi?"

Zeituni aliingia moja kwa moja ofisini kwa Kibiwott. Akamwambia anataka mapazia, na anataka saa moja kila alasiri ambapo hakuna mwanamume atakayekanyaga mle ndani, hata yeye meneja.

"Mama, hivyo vioo ndivyo tangazo letu," Kibiwott alisema. "Makao makuu wanataka mtu akipita aone."

"Tangazo lako linafukuza nusu ya mji, kijana wangu."

Kibiwott alifikiri usiku kucha. Asubuhi akamwambia ajaribu mwezi mmoja, na kwa kuwa hakuna mkufunzi wa kike, afundishe yeye mwenyewe. Jioni hiyo mimi na Zeituni tulishona mapazia kwa cherehani yangu, kitambaa cha buluu iliyokolea. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kwenye basi la timu, na maneno yakimpotea alibuni mengine.

Siku ya kwanza tulifika watatu: mimi, Mama Naliaka, na muuguzi mmoja jirani yetu, Chepng'etich, aliyesema mgongo umemwisha kwa kuinua wagonjwa. Zeituni hakutupeleka kwenye mashine. Alitusimamisha kwenye duara, akatuambia tutikise mabega, kisha viuno, kisha tuinue magoti, mazoezi yale yale ya kupasha misuli moto aliyofundishwa na kocha wa kiwanda. Alihesabu kwa Kiluhya. "Indala! Tsibili! Tsitaru!" Chepng'etich, Mkalenjin, aliitikia kwa kupotosha kila neno, na tulicheka hadi tukashikana mbavu. Mama Naliaka alicheka kwa nusu ya uso, maana nusu nyingine bado ilikuwa nzito. Ilipofika zamu ya mikono, Zeituni alisimama nyuma yake, akaushika ule mkono uliolala, akauinua pamoja naye polepole, kama mtu anayemwinua mtoto aliyesinzia.

"Ni mzito, Mwarimu," Mama Naliaka aliniambia kwa haya.

"Ni wako," Zeituni akamwambia. "Mzito au mwepesi, ni wako."

Wiki ya pili tulijaa mstari mmoja. Baada ya miezi michache walikuwa wakija walimu, wauzaji wa sokoni wenye harufu ya omena, wake wa polisi, mabinti wa chuo. Jumamosi walikuja akina mama kutoka Mumias na Ekero, wawili wawili kwenye pikipiki. "Asalaam aleikum," walisema mlangoni, na sisi tulijibu nusu kwa aleikum salaam na nusu kwa mulembe ya Kiluhya. Mabuibui yalitundikwa kwenye misumari ukutani, na chini yake walikuwa wamevaa suruali za michezo za rangi ambazo sikujua zinauzwa. Kulikuwa na mama mmoja, Ayesha, mke wa mfanyabiashara wa Mumias, mtu wa heshima zake. Ukimpa kamba ya kuruka hungeweza kumnyang'anya.

Nikikumbuka alasiri zile sikumbuki jasho. Nakumbuka mvua ya saa kumi ikigonga vioo nyuma ya mapazia ya buluu, mwanga wa ndani ukiwa wa manjano, na sauti zetu. Baada ya mazoezi hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Tuliketi kwenye mikeka tukizungumza habari za waume, za wakwe, za maumivu ambayo mtu hamwambii hata dadake. Siku ambayo Mama Naliaka alishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto na kukifikisha mdomoni, chumba kizima kiligeuka kumtazama. Alikunywa funda moja. Kisha akasema chai haina sukari, na tukalia wote.

Huko Nairobi walikuwa wakitazama. Kila mwaka Shupavu iliwakusanya wasimamizi wa matawi mahali pamoja, na mwaka uliofuata walikutana Nakuru. Kibiwott alimchukua Zeituni. Aliporudi alinisimulia kwa vitendo, akiigiza kila mtu. Mkurugenzi wa matawi, mwanamke aitwaye Jerotich, alisimama mbele ya ramani kubwa iliyomulikwa ukutani. Tawi linalokua lilikuwa la kijani, linalosuasua la manjano, linalokufa jekundu. Nairobi yote ilikuwa kijani kama shamba la chai. Mombasa kijani. Eldoret ilikuwa manjano, na meneja wake alipoulizwa sababu alijibu, "Madam, Eldoret barabara ni bure na hewa ni nzuri. Nani atakuja kukimbia ndani juu ya mkanda?" Ukumbi mzima ukacheka. Nyeri manjano, Garissa nyekundu, Malindi nyekundu. Na kule magharibi kabisa, mahali ambapo walitarajia doa jekundu, Kakamega ilikuwa kijani.

"Nani anafanya nini Kakamega?" Jerotich aliuliza.

Kibiwott akamsimamisha Zeituni.

Hivyo ndivyo walivyotunyang'anya, ingawa wakati ule tuliona ni heshima. Kampuni ilimtaka azunguke Garissa, Malindi na Nyeri, akaanzishe saa ya akina mama kila mahali, akae hadi isimame kwa miguu yake. Alikuja kwangu na habari hiyo akiwa na uso wa msichana aliyeitwa timu ya taifa.

"Mwalimu, nimeitwa. Lakini nikiwaacha hawa?"

"Nenda," nilimwambia. "Miguu yako haikuumbiwa mapokezi." Nilisema kwa moyo mweupe. Nilipoingia ndani nilizima redio, nikakaa.

Alituaga siku ya Ijumaa. Mama Naliaka alimletea kuku hai, ingokho mwekundu aliyefungwa miguu, na Zeituni alisafiri naye hadi kwa binti yake Bungoma kwa sababu hakuwa na moyo wa kumkataa wala wa kumchinja.

Kutoka huko alinipigia simu mara kwa mara. Garissa joto lilimshangaza. Mazoezi yalianza jua likishapoa, na wanawake wa Kisomali walikuja na mabinti zao na mama zao, vizazi vitatu kwenye mkeka mmoja. Nyeri walikuja na chupa za chai, wakavaa sweta hadi jasho lilipowalazimisha kuzivua. Malindi walimcheka kwa Kiswahili chake cha bara, wakamsahihisha kila sentensi, naye akawasahihisha magoti. Kila mahali alihesabu kwa Kiluhya.

"Mwalimu, njoo usikie akina mama wa Garissa wakisema tsitaru," alisema, na nyuma yake nilisikia sauti nyingi zikilipaza neno hilo kwa namna ambayo bibi yangu asingelitambua.

Garissa ikatoka nyekundu ikawa manjano, kisha kijani. Malindi ikafuata.

Na sisi? Kampuni ilituletea mkufunzi msichana kutoka Nairobi. Hakuwa mbaya. Alikuwa na muziki wa kishindo, na mazoezi ya kasi aliyojifunza vizuri. Lakini hakujua kwamba Ayesha lazima aulizwe habari za presha yake kwanza, wala kwamba Mama Naliaka hutangulia kukaa kabla ya kusimama. Saa ilipoisha alikusanya mikeka, tukatoka. Mmoja alikosa wiki moja, mwingine mbili. Mama Naliaka alisema muziki unampiga kifuani. Mimi mwenyewe nilianza kusema nina vitabu vya kusahihisha. Hakuna aliyegombana na mtu. Tulipungua tu, mmoja mmoja.

Mkutano uliofuata, Kakamega ilikuwa nyekundu.

Kibiwott ndiye aliyempigia Zeituni simu kumwambia kwamba kampuni imeamua kufunga matawi kadhaa, na la Kakamega limo. Zeituni alifika Amalemba kesho yake na mfuko mmoja wa nguo. Tulizunguka naye nyumba hadi nyumba, na akina mama walirudi, maana ni nani angemkatalia? Kwa wiki chache chumba kilijaa tena. Jerotich mwenyewe alikuja kutoka Nairobi kuona. Alisimama pembeni ya duara letu na viatu vyake mkononi, na alipomtazama Mama Naliaka akiinua chuma kidogo kwa mkono wa kushoto, aligeukia ukuta akajifuta macho. Tukadhani tumeshinda.

Baadaye aliketi na Zeituni na mimi pale mapokezi.

"Mama Zeituni, nikikudanganya nitakuwa nimekukosea," alisema. "Mkataba wa jengo umekwisha na uamuzi ulishapitishwa. Watu wa huku watahudumiwa na tawi la Kisumu."

"Kisumu?" nilisema. "Mama anayefunga kibanda chake sokoni saa kumi aende Kisumu kuinua magoti?"

Jerotich aliinama akavaa viatu vyake.

Usiku ule Zeituni alikaa barazani kwangu, hakutaka kula.

"Mwalimu, niambie kweli. Kama ningebaki, wangefunga?"

Kibiwott alikuwa amemwambia wangefunga tu, labda wangechelewa kidogo. Mimi sikujua, na nilimwambia sijui. Kisha nikamwambia jambo jingine ambalo nilikuwa nimelibeba muda mrefu. "Ulipoondoka tulidhani jimu ni ile mashine na ule mkeka. Tulingoja kutunzwa. Tungeweza kukaa kwenye duara bila wewe, na hatukukaa."

Alinitazama, akanishika goti. "Hata sisi kiwandani tulingoja basi lije," alisema. "Halikuja tena."

Siku ya mwisho tulikuwa wengi hadi wengine walisimama nje ya mlango. Mafundi wa kufungua mashine walikuwa wameshafika, wakaketi kwenye ngazi na spana zao wakisubiri tumalize, na mmoja wao, mwanamume wa makamo, alikuwa akitikisa bega kidogo kwa kufuata hesabu. Katikati ya mazoezi Mama Naliaka alitoka kwenye mstari, akaenda dirishani, akashika pazia la buluu kwa mikono yote miwili, akalivuta pembeni. Barabara yote ikatuona. Vijana wa boda walisimama.

"Wacha watazame," alisema, akarudi mahali pake.

Kampuni ilimpa Zeituni nafasi Mombasa, tawi kubwa lenye bwawa la kuogelea. Alikataa. Akina mama wa Garissa walikuwa wamewaandama wakubwa wa Shupavu wakimtaka yeye, yeye mwenyewe, si mwingine, na ndiko alikochagua. Swafia alikasirika, akampigia mamake simu nikiwa naye.

"Mama, umri huu unahamia Garissa? Una nani huko?"

"Nina watu wanaoningoja," Zeituni alisema. "Mwanangu, hujui jinsi jambo hilo lilivyo tamu."

Sasa jengo lile ni duka la vigae. Nikipita naona vigae vya bafu vimepangwa pale tulipokuwa tukiketi kuzungumza. Kibiwott alihamishiwa Nairobi, Chepng'etich amepata kazi Kapsabet. Wachache wetu tuliobaki Amalemba hutembea pamoja asubuhi kabla ya kazi hadi uwanja wa Bukhungu na kurudi, bila mkufunzi na bila muziki. Anayechelewa tunamgongea mlango.

Idd iliyopita Zeituni alikuja kwao Mumias, nyumbani kwa kakake Tariq, akatualika. Tulikwenda, mimi na Mama Naliaka na Ayesha. Palikuwa na pilau, na watoto wenye nguo mpya wakikimbia huku na huku. Zeituni amekonda na amekuwa mweusi zaidi kwa jua la kule, na goti la kulia limeanza kumsumbua. Siku hizi, alituambia, anafundisha akiwa kwenye kiti na wasichana aliowafunza ndio wanaoruka. Garissa wameongezewa orofa nzima. Wanamwita Ayeeyo, yaani bibi.

"Unatukosa?" Mama Naliaka alimuuliza, jinsi mtoto anavyouliza, bila kuficha.

"Nawakosa ninyi, nakosa mvua," alisema. "Kule mvua ni mgeni. Haji mpaka umemsahau."

Alasiri wingu lilipanda kutoka upande wa msitu wa Kakamega kama kawaida yetu, na matone ya kwanza yakagonga mabati. Wanawake wakakimbilia nguo kwenye kamba, Tariq akawaita watoto waingie. Zeituni alibaki kwenye kiti chake barazani. Akavua kiatu, akanyoosha mguu wenye goti bovu nje ya ukingo wa paa, akauacha mvuani. Nilimuuliza kama hasikii baridi. Akasema nimletee kiti nami nikae.